Makopo Mawili ya Manjano

Dada yangu mpenzi,

Hamjambo wote hapo nyumbani? Sisi huku wazima, ukiacha kikohozi cha shemeji yako, ambacho sasa kimekuwa kama mpangaji mwenzetu. Mama mkwe anakusalimu, na kulalamika hajaacha.

Barua yako nimeisoma mara nne. Unasema mwanao, Bwana Mkubwa wetu, tumbo halimwachi, chakula hataki, na yale maneno machache aliyokuwa nayo yanapungua badala ya kuongezeka. Ukatania kwamba siku hizi anatafuna mbao za dirisha kama panya. Nilicheka, kisha nikakaa kitako.

Nikueleze ya kiwandani. Mwaka jana ilipigwa marufuku rangi yenye madini ya risasi, maana inaharibu ubongo wa watoto. Tukaanza kutengeneza mpya, nzuri tu. Lakini ghala lilijaa ya zamani, na msimamizi akasema haimwagwi hata tone. Sisi wa chumba cha lebo tukapewa karatasi mpya, zenye picha ya mtoto anayecheka, tubandike juu ya zile kuukuu. Nilimuuliza kama ni halali. Akanijibu taratibu kwamba nyumba ninayolala ni ya kiwanda, na dawa za mume wangu zinatoka zahanati ya kiwanda. Nikafyata mkia. Tangu siku hiyo natoka kazini kwao naingia nyumbani kwao, dada, na maji yamenifika shingoni.

Sasa nisikilize. Yale makopo mawili ya rangi ya manjano niliyokuletea mtoto alipoanza kutambaa yalikuwa ya zamani. Lebo nilibandika kwa mikono yangu hii. Nilijua. Nilikuwa nimekuahidi zawadi, nikajidanganya kwamba hakuna mtu anayelamba ukuta. Dirisha halikunijia akilini.

Mtoe mtoto kwenye chumba mlichopaka rangi hiyo, leo hii. Msikwangue rangi, vumbi lake ni baya zaidi. Futeni kwa kitambaa chenye maji. Mpeleke hospitali wampime risasi kwenye damu. Daktari akisita, mpe barua hii aisome, na akitaka kuifikisha serikalini, aifikishe. Shemeji yako hajui kama nimeandika. Nitamwambia jioni, ili apate muda wa kufunga mizigo.

Msalimie shemeji yangu na majirani wote. Bwana Mkubwa mbusu kwa niaba yangu, kama moyo wako utakuruhusu.

Ni mimi mdogo wako,
wa chumba cha lebo