Siku Nilipokuambia Uombe

Baba Neema,

Ulipokuwa hai hukuwahi kunijibu hata ujumbe mmoja wa simu, ulikuwa mtu wa kubipu tu. Kwa hiyo sitegemei jibu. Na mara hii afadhali.

Hapa kijijini kwetu Ulaya tupo. Mahindi yamekubali, barabara ya Kilosa mvua imeichimba tena, na mimi tumbo limeongezeka. Siku hizi nikiingia mahali linatangulia kama mwenyekiti wa kijiji. Najua ungecheka. Cheka mapema, maana mbele hakuna cha kuchekesha.

Unakumbuka tulivyookoka, walevi wawili tunaojulikana kuanzia hapa hadi Munisagara? Mchungaji akatuambia tukimbie majaribu. Nani wa kukimbia, mimi na pumzi hii au wewe na goti lile? Ukasema, "Basi tufyatue tofali." Ndiyo ikawa dawa yetu. Mmoja akishikwa na hamu ya pombe anakwenda kwa mwenzake, anasema neno moja tu, "Kiu," na mwenzake anaacha anachofanya, wanashuka bondeni kukanyaga udongo mpaka ipite. Hakuna kuulizana, hakuna kuhubiriana. Miaka tisa. Nyumba yako ya vyumba vitatu ilijengwa kwa kiu, tena nyingi ilikuwa yangu. Mkeo akiona sijatokea siku nyingi ananitania, "Shemeji, hata kiu kidogo huna? Jiko langu halijaisha."

Halafu ikaja ile Jumamosi. Nilikuwa nimeshafanywa mzee wa kanisa, nimevaa koti, nina wageni wa kanisa kutoka Kilosa. Ukasimama mlangoni na kandambili zako, ukasema, "Kiu."

Nikaona aibu. Si kwa ajili yako. Niliogopa wageni wasije wakajua na mimi nilitokea wapi. Nikakuvuta pembeni nikakuambia, "Leo omba tu, ndugu yangu. Mungu anatosha." Ukaniangalia. Ukasema, "Haya, mzee wa kanisa." Nami nikarudi kwenye pilau.

Ulipanda bodaboda hadi Mikumi, ambako hakuna anayekujua. Jioni tukaletewa habari kwamba lori limekugonga barabara kuu, na kwamba ulikuwa unanuka pombe.

Kesho yake baraza la wazee likakaa. Likasema umekufa mlevi: usiingizwe kanisani, kengele isipigwe, mchungaji asifike makaburini. Wewe, uliyeigonga ile kengele yetu ya kipande cha reli kila Jumapili. Wanaokubali wanyooshe mikono. Nilinyoosha, Baba Neema. Mkono huu huu unaokuandikia. Ningekataa, wangeniuliza kwa nini.

Jeneza lako lilibebwa na majirani Waislamu. Mzee Shomari, yule uliyekuwa ukimsumbua kwa sababu ya mbuzi wake, alitugeukia sisi Wakristo tuliosimama mbali, akasema, "Huyu ni jirani yetu. Hayo mengine mtamalizana na Mungu wenu." Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa vimepigwa rangi vizuri.

Mwezi uliopita mchungaji akanipa somo la Jumapili ya wanaume: kushinda majaribu. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mtumie marehemu kama mfano. Watu bado wanamkumbuka." Nikwambie ukweli, nilishawishika. Niliandika somo zima, na lilikuwa zuri! Mimi nimesimama, wewe umeanguka. Miaka yote nimelinda mlango wa pombe, kumbe shetani aliingia zamani na amevaa koti langu.

Nilipanda mbele na karatasi yangu. Nikasoma mstari wa kwanza tu. Nikaikunja. Nikawaambia, "Alikuja kwangu kwanza." Nikawaambia yote: neno letu, wageni, pilau, mkono. Mtu mmoja nyuma akasema, "Bwana asifiwe," kwa mazoea tu, halafu akajishtukia.

Uzee wa kanisa wameniondolea. Sasa nakaa benchi la mwisho na wanaochelewa, na nakuhakikishia huko mahubiri hayasikiki vizuri, sijui ni adhabu au ni zawadi. Lakini la kwako hawajaligusa. Uamuzi ni uamuzi, wanasema.

Jumapili ile ile nilikwenda kwa mkeo. Mjinga mimi, nilidhani atanikaribisha kiti. Alikuwa anapepeta mchele, hata hakuinua kichwa.

"Nimesikia, shemeji," akasema. "Ungeyasema siku ile, mume wangu akiwa bado amelala hapo sebuleni."

Akaendelea na ungo wake.

Lala, ndugu yangu. Msamaha siuombi kwa kalamu, ingekuwa rahisi mno. Ahadi yangu ni hii: kila baraza likikaa nitakwenda kulitaja jina lako, mpaka mchungaji aje kaburini kwako na joho lake, mchana, watu wote wakiona, na mkeo awe amesimama mbele. Wakinitoa, nitarudi kikao kinachofuata. Na mtu yeyote atakayekuja kwangu kwa miguu yake kuomba msaada, sitamwambia aombe nikamwacha aende peke yake. Tutaomba tukiwa njiani.

Ni mimi,
Baba Joji