Pale Papa Neema Alikuwa Ananyamaza

Jumamosi, mvua imekatika sasa hivi. Neema ameniziba kinywa na mukono yake yenye harufu ya ndizi, akaniambia, "Mama, nyamaza. Muziki inasema."

Yuko na miaka tatu. Tulikuwa tunaangalia kwenye simu kipande cha filamu chenye sauti ya papa yake, bwana yangu, na mimi nilikuwa naongea wakati muziki inapiga.

Nimecheka. Kisha nimegeukia ukuta, asione uso wangu.

Bwana yangu anatafsiri filamu katika sali ya video, nyumba ya kuonyeshea filamu, hapa mutaani Majengo. Anakaa pembeni ya televizyo na mikro, kile kipaza sauti. Wale wa filamu wanaongea Kichina ao Kiingereza, yeye anatoa Kiswahili. Watafsiri wote wako na desturi moja: ukitaka kuongea, unashusha sauti ya filamu. Muziki yote inakufia pale, na hakuna mutu anaisikitikia.

Yeye pia alikuwa anafanya vile. Siku moja ikapita filamu ya mama anayepanga sahani mezani, hakuna anayeongea. Bwana yangu akaona kile kimya ni aibu kwa mutafsiri. Akashusha sauti, akajaza ya kwake: huyu mama anafurahi, bwana yake yuko njiani, leo watakula vizuri. Kumbe katika filamu bwana ya ule mama alishakufa. Muzee mmoja wa nyuma akamuuliza, "Papa Neema, ule maiti atakula na mukono gani?" Sali nzima ikacheka.

Kesho yake akairudilia ile filamu nyumbani, sauti juu, mimi pembeni nanyonyesha. Violoni moja tu, kile chombo cha nyuzi, inapanda polepole, inakwama. Ilikuwa imeshasema yote. Picha ilituonyesha sahani, muziki ikatuonyesha kile mama anafikiri.

Mimi niliishia darasa ya sita ya primeri. Nilizania muziki ya filamu ni kama sukari mu chai. Siku ile nilielewa kama iko na akili, na inakuomba utumie ya kwako: macho yanaambiwa hivi, masikio yanaambiwa vile, wewe tafuta ukweli uko wapi.

Toka pale, akifika kwenye muziki ya namna ile, ananyamaza. Vijana wanamupigia kelele, mutafsiri amelala, mutafsiri amekosa maneno. Yeye anainua kidole tu.

Ni wiki ya tatu sasa toka alienda muji wa Kiwanja kufuata maharagwe ya shamba ya mama yake. Simu yake haipiti. Juu ya usalama wa ile barabara, kila mutu anasema yake.

Asubuhi ile aliondoka, hapakulia muziki wala kitu chochote cha kunionya. Aliniomba soksi, nikamutupia, nikarudi kufua. Hata sikumwangalia vizuri.

Ile soksi inanichoma mpaka leo.

Saa sita nimepanga sahani ya kwake pamoja na zetu. Mama mukwe, tunayekaa naye hapa, ameona, akaifunika.

Lakini bado natumaini. Nimejiamulia kitu: Neema atajua kusikiliza filamu, siyo kuangalia tu, na papa yake ndiye atamufundisha. Na kama hakurudi, basi mimi… hapana, ile sitaiandika.

Mama mukwe ananiita kutoka mulangoni. Kuna mutu wa pikipiki amefika kutoka Kiwanja, anauliza muke ya Papa Neema ni nani. Nakuja, mama. Acha niweke kalamu, nivae kiatu, nimubebe mutoto, na kama huyu mutu ameleta habari yake, nitarudi kuiandika hapa.