Kufuli Kwenye Mfereji

Jumatatu, 2 Machi

Nimerudi kazini miguu imevimba. Shuka za wageni wa hoteli leo zilijaa mchanga na mafuta ya jua, tumezisuuza mara mbili. Nimepasha maharagwe ya jana. Nimekula nimesimama.

Ujumbe wa bili ya maji uliingia nikiosha sahani. Nikausoma, nikavaa miwani, nikausoma tena. Karibu nusu ya mshahara wangu. Mtu mmoja! Ndoo ya kuoga, ndoo ya vyombo, basi. Mwezi uliopita pia ilipanda, nikadhani watajirekebisha wenyewe.

Jumatano, 4 Machi

Nimeomba ruhusa, nikaenda ofisi ya maji. Karani hakuwa mkali. Akalinganisha picha ya mita yangu na namba zake. Mita haina kosa, akasema, maji yamepita. "Angalia nyumbani kwako, mama. Kuna mtu anayateka." Nisipolipa watakata.

Kuna mtu. Nimekuja na neno hilo njia nzima.

Anayeteka maji kwangu ni mmoja tu. Bi Mejumaa, jirani yangu. Kisima chake kiliingia chumvi, na marehemu mume wangu ndiye aliyemwambia achote kwenye mfereji wetu wa nje, ule wa bomba. Huja jioni na dumu lake, baada ya alasiri. Nikiwa nimesharudi tunaongea linapojaa. Nisipokuwepo hujichotea mwenyewe. Nami kutwa sipo. Mwezi huu wa Ramadhani anapika zaidi, kwake na kwa kupeleka msikitini.

Sipendi ninachokiwaza. Nakiwaza.

Alhamisi, 5 Machi

Nimenunua kufuli mjini Ukunda. Nimeufunga mfereji kwa mnyororo. Sikumwambia.

Alipokuja nilikuwa ndani, mlango nimeurudisha. Nikasikia dumu tupu likiwekwa chini. Nilisubiri apige hodi, nimweleze. Hakupiga. Kandambili zake zikarudi zilikotoka.

Jumamosi, 7 Machi

Nimekutana naye karibu na duka. Alikuwa na dumu kichwani, anatoka kisima cha msikiti. Ni mbali kule, na jua lile, na amefunga.

"Shikamoo, Bi Mejumaa."

"Marahaba."

Basi. Siku zote huongeza: umeamkaje, mwanao hajambo huko Arabuni, Mungu amhifadhi. Leo marahaba peke yake. Nimejiambia ana haya. Mtu asiye na kosa angeniuliza.

Jumapili, 8 Machi

Sikwenda kanisani. Kichwa. Hakuna aliyepiga simu kuuliza.

Nilikuwa sijui kwamba yale maongezi ya jioni ndiyo maongezi yangu yote. Kazini mashine za kufulia zinanguruma, tunasemezana kwa mikono. Nyumbani ni friji na bati likilia kwa joto. Leo sijasema neno tangu niamke. Nimejaribu kusema "haya" kwa sauti. Imetoka imekwaruza, kama ya mgonjwa.

Jumanne, 10 Machi

Nimepita kwenye mita nikiingia nyumbani. Mfereji wa nje una kufuli. Jikoni nilifunga, bafuni nilifunga. Na kile kigurudumu chekundu chini ya kioo kinazunguka. Polepole, lakini hakisimami.

Nimeketi juu ya tofali nikikitazama.

Si yeye. Nimemnyima mtu maji, mwezi mtukufu, kwa neno la karani asiyemjua.

Jumatano, 11 Machi

Nimetafuta. Nimelifuata bomba kutoka mita hadi ukutani, nikichimba kwa jembe. Mchanga mkavu. Jikoni nimepangusa kila kiungo kwa karatasi. Pakavu. Bafuni vivyo hivyo.

Umebaki mlango mmoja ambao sikuufungua.

Chumba cha Wakesho, binti yangu. Alikijenga nyuma ya nyumba kwa pesa alizozitolea jasho Arabuni, akaweka choo cha ndani cha kuvuta maji, ili akija asiende nje gizani. Alikaa humo Krismasi yote. Tangu arudi huko sijakigusa. Shuka zina harufu yake. Mimi, mfua shuka, hizo zimenishinda kufua.

Alhamisi, 12 Machi

Nimefungua. Joto, vumbi, mafuta yake ya nywele. Kanga yake ingali kwenye msumari.

Na sauti. Ndogo, kama chai inayomiminwa chumba cha pili. Maji yalikuwa yakiteremka ndani ya choo, utepe mwembamba usiokatika, yakienda moja kwa moja shimoni. Ndiyo maana sikuona unyevu popote. Kishikio cha kuvutia maji kilikuwa kimekwama chini. Wakesho alikuwa na mazoea ya kukipandisha kwa kidole kila akivuta. Asubuhi ya safari teksi ilikuwa imeshapiga honi. Alikimbilia chooni mara ya mwisho, akatoka, akanikumbatia, akaenda. Maji yametembea tangu hapo.

Nikaketi kitandani kwake. Kazi ilikuwa ya kidole kimoja, na sikuweza. Hicho ndicho kitu cha mwisho alichokigusa humu, na kilikuwa bado kinaendelea. Nikayasikiliza kitambo.

Kisha nikakipandisha. Pakawa kimya. Nimelia kwa sauti kubwa, na hakuna aliyekuja kuuliza kuna nini.

Nikaenda kwenye mita. Kigurudumu kimesimama.

Ijumaa, 13 Machi

Kufuli nimelitoa alfajiri. Jioni nikakaa nje, nikimsubiri auone mfereji uko wazi. Hakuja. Angeonaje, na njia yake siku hizi ni nyingine? Mwoga mimi.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda. Alikuwa uani amekalia mbuzi, anakuna nazi. Sikuketi.

"Bi Mejumaa, maji yalikuwa yakipotea chumbani kwa Wakesho. Choo kilikwama. Hukuwa wewe."

"Najua sikuwa mimi."

"Naomba radhi."

Akaikung'uta nazi, akaendelea kidogo, kisha akasimamisha mkono. "Ungeniuliza, Mama Wakesho. Neno moja tu. Nimesimama pale na dumu langu, nimefunga, nawe uko ndani. Nilikuona dirishani. Mumeo alinipa maji yale kwa mdomo wake. Wewe ukaninyima kwa mnyororo."

Nikamwambia mfereji uko wazi.

"Ahsante. Kule msikitini nimeshazoea." Halafu akasema kwa upole, na upole huo umeniuma kuliko yote: "Yameisha. Mimi nimekusamehe. Mungu atusamehe sote."

Nimesamehewa, na nimerudi kwenye nyumba ileile.

Jumapili, 15 Machi

Nimempigia Wakesho. Nimemweleza habari ya choo. Alicheka sana. Kisha hakucheka tena, nikasikia anavuta kamasi. "Mama, kumbe nimekuachia hasara." Nikamwambia si hasara. Mwajiri akamwita, akakata.

Ofisi ya maji nitawaomba nilipe kidogo kidogo. Hilo halinisumbui tena. Ajabu.

Jumanne, 17 Machi

Wageni wamepungua, tumetoka mapema. Nimeoga, nikaketi nje kusubiri jioni. Nikajiuliza nasubiri nini. Miaka yote hii yeye ndiye aliyekuja. Mimi kwake sijawahi kuketi. Nilikwenda kukiwa na msiba, nikasimama mlangoni, nikatoa pole, nikarudi.

Nimefunga mlango, nikaenda. Nikapiga hodi.

"Karibu."

Kama alishangaa, alificha. Akanisogezea kigoda na kisu, akaweka beseni la mihogo katikati yetu. Tukamenya. Akasema mihogo ya mwaka huu ina nyuzi. Nikasema ni kweli. Akaniambia vipande vyangu ni vikubwa mno, nikavipunguza.

Adhana ilipolia chungu kilikuwa bado motoni. Akafungua saumu kwa tende na maji. Nami akanipa tende, ingawa sikufunga. Akatawadha, akajifunga mtandio.

"Niangalilie chungu," akasema. "Tui lisikatike."

Akaingia ndani kuswali. Nikashika mwiko, nikakoroga polepole mpaka alipotoka.