Bikwembe Byangu na Bafoinike ya Wivine

Siku ya pili ya juma, 7 octobre

Wivine, muke wa mutoto wangu Donat, anafundisha histoire ku sekondari. Basi jioni anatayarisha somo kwa sauti, anatufundisha sisi wote, hata masufuria. Leo ni Bafoinike. Eti batu ya zamani sana, kule Libani. Bengine banasema balitoka mbali, yeye anasema hapana, ni ba hapo hapo Kanani. Milima mugongoni, bahari mbele, shamba kidogo kama leso. Basi balikata mierezi, balijenga mashua, balienda kuuza kila mahali. Tiro na Sidoni! Hizo nazijua, padri anazisoma. Na alfabeti eti ni bo balianzisha. Mimi nilifunzwa na masista, sikuhitaji Mufoinike.

Rangi ya zambarau ya kitambaa chao ilitoka ndani ya konokono. Konokono! Nikamuambia: Ona, hata konokono inatoa kitu, Wivine. Wewe?

Akafunga kitabu. Donat akaangalia sahani. Mabinti yangu bamenizalia bajukuu tele kule Butembo. Huyu — hata moja.

Siku ya ine, 9 octobre

Biashara hapa soko ya Birere mubaya. Duka imejaa bikwembe, bitenge bya kila rangi, banunuzi hakuna. Valérie, rafiki yangu wa Bukavu, anapiga simu: Huku banabitafuta, mama, leta! Barabara imekufa. Imebaki ziwa. Mimi, ziwa? Sisi batu ya Butembo tunaenda na miguu, na lori, na ndege mpaka Dubai. Maji ni ya kuoga.

Tena siku ya posho Masika anafika, binti ya ndugu yangu. Kiuno cha kuzaa, mudomo mufupi. Nimemwita mimi mwenyewe. Bibi akikosa mutoto, familia inatafuta mwingine — ndivyo nilivyokuta, ndivyo nitakavyoacha. Donat sijamuambia. Ataona. Ila Wivine asikuwe hapa. Atalia, majirani batasikia.

Ninaandika hivi, na akili inakuja. Bafoinike!

Nikamwita Wivine palepale. Utapeleka bikwembe ku Bukavu. Akasema: Mama, sijapanda boti hata siku moja. Mimi mutu wa milima ya Masisi, sijui kuogelea. Nikasema: Na Bafoinike balizaliwa na mapezi? Akasema, sauti ndogo: Balisoma nyota, Mama. — Na wewe umesoma université! Soma basi!

Donat alicheka. Wivine alimuangalia yeye, si mimi. Halafu akasema sawa.

Siku ya posho, 11 octobre

Wivine ameenda. Boti ya mbao, batu juu ya mizigo, mizigo juu ya batu. Bikwembe nilibifunika mwenyewe na bâche ya plastiki. Gilet ya kuelea ilibaki moja tu. Alinyoosha mukono. Nikamuuliza: Maji ikiingia, kikwembe kitapiga kelele ya kuomba musaada? Wewe uko na mudomo. Tukafunga gilet kwa mizigo. Batu ya boti balicheka sana. Donat alisimama pale, mikono mufukoni.

Upepo ulikuwa mubaya. Niliombea bikwembe byangu.

Masika amefika. Anakula vizuri.

Yenga, 12 octobre

Valérie amepiga. Bikwembe bimefika bikavu! Niliuliza hiyo tu. Mwenyewe akaongeza: Na mukwe wako amefika, alitapika njia yote. Haya.

Ku misa nilimukalisha Masika karibu na Donat. Donat akahama, akaenda kusimama nyuma na bazee. Pumbavu.

Siku ya pili ya juma, 14 octobre

Wivine amepiga, asubuhi. Nikaweka haut-parleur, Masika asikie mwanamuke aliyeshindwa analia namna gani. Nikasema: Usikimbilie kurudi, kitanda chako kimepata mutu. Uongo, lakini utakuwa kweli.

 Nikafikiri réseau imekatika. Kisha ikaja ile sauti yake ya mbele ya darasa. Eti: Nilijua, Mama. Nilikusikia ukimwita Masika kwa simu, hata kabla ya kupanda boti. Somo hamukuniacha nimalize. Si Bafoinike bote balirudi Tiro. Bengine balifungua mji kule balikofika, na ule mji ukashinda wa mama yao. Valérie amenipa meza ku soko. Bikwembe binatoka vizuri. Sehemu yako nitakutumia.

Sehemu yangu! Bikwembe byangu! Nilitukana baba yake, mama yake, na ng'ombe zao zote za Masisi. Alikuwa ameshakata. Na Valérie — nyoka! Hashiki simu yangu.

Nikamuambia Donat: Leo hii unapanda boti. Leta bikwembe, mwanamuke umuache kule kule. Akasema: Ndiyo, Mama. Alijibu mara moja! Bila kulialia! Nikafurahi. Nilizaa mwanaume, nikasema.

Sasa yuko chumbani, anafunga sanduku. Masika anachungulia, ananiletea habari. Ameweka suti ya misa. Ameweka viatu yote. Anatoa picha ya ndoa ku ukuta.

Picha ya nini? Bikwembe binabebwa na picha?

Nimevuta kiti kwa mulango. Nimekaa. Nyumba hii ina mulango moja, na mimi si mwembamba.

Anakuja. Ameshika sanduku kwa mikono mbili. Anasema: Mama, pardon, nipishe.

Ninaandika. Sijainua kichwa. Anasema tena.