Mdomo wa Chemchemi Umefungwa

Dada Hidaya,

Wameifunika. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Jana asubuhi mwanao Athumani alimwaga zege juu ya mdomo wa chemchemi ya maji moto, na aliyemwambia amwage ni mimi.

Kazi ilisubiri arobaini yako ipite. Saruji uliyowahimiza watu waichangie ilikuwepo, nondo zipo, na bomba la kupeleka maji kwenye bwawa la kuogea, yakifika yamepoa. Mimi nilishuka kutoka Lushoto alfajiri na chupa zangu. Unajua nilichokuwa nakitafuta, ingawa ulipenda kunitania: "Miaka yote Ulaya, mdogo wangu, unarudi kutafuta vidudu? Mbu wetu hawakukutosha?"

Basi nisikilize mara hii moja. Zile nyuzi za rangi ya waridi zinazong'ang'ania mwamba pale maji yanapotokea, yakiwa na moto wa kubabua ngozi, ni bakteria. Vinasaba vyao havifanani na vya yeyote anayejulikana. Lakini hiyo haitoshi. Kiumbe mpya hatambuliwi mpaka umtenge peke yake, umkuze, na mwingine aweze kumkuza katika maabara yake. Hawa wanakubali kukua chupani mara ya kwanza, nikiwahamishia chupa nyingine, wanakufa. Kuna kitu wanachokula katika maji ya pale mdomoni ambacho sijakijua. Nilihitaji kurudi pale tena na tena, labda mwaka mzima.

Athumani alikuwa ameshashika chepe. Akalishusha. "Mama mdogo, neno lako tu. Ukisema tusubiri, tunasubiri. Nani atakubishia?"

Dada, nilizitazama chupa zangu. Zege lilikuwa limeshachanganywa, jua linapanda, vibarua wananitazama. Neno "subirini" lilikuwa limefika kwenye ulimi. Mama Salimu wa kijiji cha Mnazi alikuwa amekaa juu ya jiwe, yule ambaye mwanawe aliteleza humo, na wewe ukalala naye hospitali ukimpepea mguu ulioungua. Hakuniangalia. Alimwambia jirani yake, kwa sauti ya kunifikia: "Wadudu wa bibi wa Ulaya wanapenda moto. Mwanangu hakuupenda."

Nikapiga magoti, nikakwangua nyuzi kwa kijiko kirefu, mvuke ukinichoma macho, nikajaza kila chupa niliyokuwa nayo. Kisha nikasema, "Mwaga, mwanangu."

Zege lilipoanza kumiminika nilimkumbuka mama akituteremsha pale na mayai kwenye kikapu cha ukindu. Wewe ulishika kamba ya kukizamisha majini. Yai la kwanza kuiva ulilila wewe, kila safari, ukisema unalionja kwa usalama wangu.

Sasa nipo jikoni kwako. Kabati langu la joto, la kukuzia bakteria, liko pale ulipokuwa ukiweka mtungi. Nje ukungu umefunika kabichi zote, nami nimevaa sweta lako. Watu wananipa shikamoo kwa sauti ile waliyokupa wewe, nami naitikia kwa Kishambaa changu kibovu. Ulisema naitamka "onga makeo", salamu ya asubuhi, kama mmisionari. Bado.

Mchana umeme ulikatika. Nilizifunga chupa kwa blanketi nikazikumbatia kama mwehu, nikisikia joto likipungua kifuani. Sasa umeme umerudi. Maji yakianza kuwa na weupe, kama yaliyooshea mchele, wapo hai. Sasa hivi ni maangavu. Nimezitazama tena nilipomaliza sentensi hiyo. Maangavu.

Sitakudanganya kwamba nina amani. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Jana jioni Athumani aliniambia taratibu, mkewe asisikie, kwamba zege likiwa bichi linachongeka. Nikitaka tundu, nimwite kabla halijakaza. Ni mtoto mwema. Laiti asingeniambia. Toka hapo simu iko mkononi, naiweka mezani, naichukua.

Wakikua, nitawapa jina la mahali pale. Wasipokua, dunia haitajua kwamba waliwahi kuwepo, na sitamwita Athumani. Hilo nakuahidi, dada yangu, leo zege likiwa bado bichi, maana ahadi ya kesho kutwa haitakuwa na kazi.

Pumzika. Simu nimempa mkwe wako aende nayo shambani.

Mdogo wako