Daktari ndani ya soksi

Esdras, niombee. Nimekamatwa.

Unakumbuka Daktari Byukusenge, yule mutaalamu wa maktaba niliyemubuni kwenye Facebook? Mama Vestine wetu wa maktaba alikuwa anajifunza kazi kwake. Daktari njo alimushauri aturuhusu sisi wanafunzi kulala kati ya vitabu.

Leo Mama amemupigia. Simu imelia ndani ya soksi yangu.

Ndani ya soksi, Esdras. Na simu ni marufuku hapa internat, kwenye bweni la shule.

Mama akatazama mguu wangu kwa heshima. "Daktari, karibu Kibabi."

"Mama, hii iko..."

"Nyamaza, Daktari. Jumamosi utafundisha wenye maktaba wa Masisi na Walikale, kwenye grupu yetu, namna ya kufukuza panya kwenye vitabu. Ao niite Préfet wa shule?"

Simu aliichukua, kisha amenirudishia, kwa kazi hiyo tu.

Kaka, huko kwenu Pinga, panya wanaogopa nini?