Baba, Usilale Tena Juu ya Kaunta

Baba,

Mama Lupe wa jirani anadai alikuchungulia dirishani asubuhi, umenyooka juu ya kaunta yetu mpya ya marumaru, umekata roho. Nikamwambia unafuata ubaridi tu. Akasema, "Huzuni imekuchanganya, mwanangu," akaenda kutangaza.

Nusu ya kijiji chetu cha Kolovai imeleta mikeka ya msiba. Shangazi, kwa kuwa kwa mila yetu dada wa marehemu ndiye mwenye haki ya mikeka, kaipokea yote. Wewe unakoroma tu. Nimekimbilia kanisani kuizuia kwaya isije kukuimbia.

Ukiamka, futa jasho lako hapo kwenye kaunta kwa kitambaa na sabuni ya vyombo. ~~Doa likibaki, sugua na ndimu.~~ Ndimu hapana, inakula marumaru.

Shangazi yuko kibarazani, kaikalia mikeka. Anasema, "Marehemu aje kuidai mwenyewe." Baba, utathubutu kutoka umdai?

Kitindamimba wako